Naweka vipi fonti kwa akaunti yangu pekee? Sina paswadi ya admini (Ubuntu, khati za Kiarabu)

mjukuu_wa_langoni

Asalaam aleikum jamaa zangu, hamjambo nyote. Naomba mnisaidie maanake hili jambo lishanila siku tatu na sioni mwisho wake.

Niko Amu (Lamu). Kuna kompyuta moja ya kikundi chetu twaitumia watu kama sita, kila mtu na akaunti yake, iko na Ubuntu 22.04, ile aina moja ya Linux. Paswadi ya admini anayo mtu mmoja tu na yeye ashahamia Mombasa, simu yake mara yapatikana mara haipatikani, na nikimpata huniambia nisubiri aje. Na mimi siwezi kusubiri. Bibi yangu ana daftari la tenzi alizotunga mwenyewe, lote ameliandika kwa khati za Kiarabu, yaani Kiswahili kitupu lakini herufi ni zile walizosoma wao chuoni, na daftari lenyewe lishaanza kuliwa na wadudu pembeni, kurasa za mwanzo wino umefifia. Macho yake hayaoni vizuri tena lakini kila ubeti uko kichwani mwake, so kila siku baada ya isha nakaa naye yeye asoma mimi nafuatisha kwa daftari na kalamu ya risasi, alafu asubuhi nakuja kuchapa. Nimefika ubeti wa 112. Nataka kabla ya Maulidi, Mfungo Sita inayokuja, kiwe kijitabu, hata kama ni nakala ishirini za ndugu na majirani.

Shida ni fonti. Hii iliyoko kwa kompyuta yatoa herufi nyembamba nyembamba, irabu zimekalia nukta hata hujui hii ni fataha au ni nukta ya herufi. Nilimuonyesha bibi ukurasa mmoja nilioprinti, akausogeza karibu na taa, akaupindua, akanambia "hii si khati mwanangu, hawa ni sisimizi." Ilinichoma sana.

Nimedaunlodi fonti yaitwa Amiri, wengi waisifu. Nilivyojaribu ni hivi: kwanza nilikopi faili kupeleka /usr/share/fonts kama nilivyoona mtu ameeleza mahali, ikanijibu Permission denied, nikatia sudo (neno la kuomba uwezo wa admini) ikanambia jina langu halimo kwa wenye ruhusa. Alafu nikatengeneza folda hapo kwa Home nikaiita fonts, nikaitia ile zipu ya Amiri ndani, nikarestati kompyuta, hakuna kitu. Mwisho nilienda duka moja la kompyuta wakanambia nilete mashine na shilingi 1,500 waifute yote waweke upya, na ndani mna kazi za watu sita, hapo nikatoka.

Je ni lazima niwe admini ndio niongeze fonti? Ama kuna mahali pangu mimi peke yangu pa kuiweka, isimguse mtu mwengine?

kijana_wa_maweni

Waaleikum salaam dadangu. Mashine usifute na hio 1,500 kaa nayo ununue karatasi. Admini humuhitaji kabisa. Fungua ile zipu kwanza, alafu faili ya Amiri-Regular.ttf ibonyeze mara mbili, itafunguka dirisha likuonyeshe herufi zilivyo na juu hapo pana kitufe cha Install. Kibonyeze. Kwa Ubuntu ya kawaida hio huiweka kwa akaunti yako tu wala haiulizi paswadi. Fanya hivyo kwa zile faili zote za ttf, moja moja.

fundi_wa_mtondoo

Aliosema kijana wa Maweni ni sawa, lakini nataka nikueleze vile mambo yalivyo ili siku ikikataa ujue pa kuangalia, maanake kile kitufe kwa kompyuta zengine huwa hakiko, inategemea ni Linux ya aina gani.

Linux haitafuti fonti mahali pamoja. Kuna programu ndogo iko chini kwa chini yaitwa fontconfig, hio ndio LibreOffice (programu ya kuandikia) na nyengine nyingi huiuliza "nipe fonti fulani", na yenyewe ina orodha ya mahali pa kupita. /usr/share/fonts na /usr/local/share/fonts ni za mashine nzima, hapo lazima paswadi, na ni haki iwe hivyo maanake ukiharibu hapo umewaharibia wote sita. Lakini pia hupita ndani ya nyumba ya kila mtu, kwa folda hii:

~/.local/share/fonts

Ile alama ~ maana yake ni nyumba yako, Home yako wewe. Na hio nukta mbele ya local yamaanisha folda imefichwa, ndio maana hukuiona. Ukiwa kwa Files bonyeza Ctrl na H pamoja, zitatokea zote zilizojificha. Ukikuta .local iko lakini ndani ya share hakuna fonts, tengeneza mwenyewe, hakuna atakaekuuliza. Folda yako ulioiita fonts haikufanya kazi kwa sababu iko hapo nje tu kwa Home, fontconfig haina habari nayo. Na hata ungeiweka pahala pake, zipu haisomwi. Lazima ifunguliwe zitoke faili za fonti zenyewe, za ttf au otf.

Kama waweza terminali, lile dirisha la kuandika amri, ni mistari mitatu tu, na mimi naipenda zaidi kwa sababu yakujibu:

mkdir -p ~/.local/share/fonts
unzip ~/Downloads/Amiri.zip -d ~/.local/share/fonts/Amiri
fc-cache -fv ~/.local/share/fonts

Usishtuke kuona nimeitia kwa folda ndogo ya Amiri, fontconfig huingia mpaka ndani ya folda za ndani, na ni vizuri kila fonti ikae chumba chake ili siku wataka kuitoa usichanganye. Huo mstari wa mwisho ndio waiambia ihesabu upya. Sasa angalia maneno itakayokurudishia. Ikisema 4 fonts kwa hio folda ya Amiri basi zimeingia, ikisema 0 fonts basi folda iko lakini ndani yake hamna kitu inachokielewa, aghlabu ni zipu haijafunguliwa. Alafu hakikisha:

fc-list | grep -i amiri

Utaona mstari wenye njia ya nyumbani kwako, mwisho wake Amiri:style=Regular. Ukiona hivyo umemaliza. Kurestati mashine hakuna haja, funga tu LibreOffice madirisha yote kabisa, uifungue tena.

Utaona pia watu wengi wakikuambia tumia folda ya ~/.fonts. Ni ya zamani, mpaka leo yasomwa lakini ishaachwa, mimi nakushauri uifate hio ya .local.

mjukuu_wa_langoni

Allah awajaze kheri nyote wawili. Nimefanya kwa terminali, mara ya kwanza nilipata 0 fonts!! Nikarudi nikaangalia, kumbe ile zipu nilikua nimeikopi tu ikiwa vile vile haijafunguka, kama ungekua hujaniambia maana ya hio sifuri ningelia hapa. Nimeifungua sasa yasema 4 fonts, na fc-list yaniletea Regular, Bold, Italic na BoldItalic zote zikiwa kwa jina la folda yangu.

Kwa LibreOffice Amiri sasa iko kwa orodha. Lakini ajabu ni hii. Naseleki maandishi yangu yote, nachagua Amiri, yale maneno machache ya Kilatini nilioandika juu (jina la bibi na mwaka) yabadilika yawa mazuri, lakini maandishi ya khati yamebaki ni sisimizi vile vile. Kwani Amiri si ya Kiarabu?

fundi_wa_mtondoo

Ni ya Kiarabu dadangu, tena hasa. Waliitoa kwa herufi za risasi za matbaa ya Bulaq kule Kairo za mwaka 1905, mtengenezaji ni Khaled Hosny. Kosa si la fonti.

LibreOffice kila kipande cha maandishi hukipa fonti mbili ama tatu kwa wakati mmoja, moja ya Kilatini, moja ya hizo lugha za Asia, na moja ya lugha ambazo herufi zake hushikana au zaenda kulia kuja kushoto. Hio ya mwisho waiita CTL. Kama haijawashwa, mipangilio yake hata huioni. Nenda Tools, alafu Options, fungua upande wa lugha, pale pana kisanduku cha Complex text layout, kitie alama. Ukirudi sasa ingia Format, Character, utakuta kuna sehemu ya fonti ya Western na sehemu nyengine ya CTL, na hapo kwa CTL ndipo utie Amiri na saizi yake. Saizi pia ni mbili, kuwa mwangalifu, watu wengi huongeza saizi ya juu alafu washangaa Kiarabu hakikui.

Tena usiseleki maandishi kila siku, beti zikifika mia tatu utachoka. Bonyeza F11, ingia kwa staili ya aya unayotumia, uibadilishe hapo mara moja, zote zifuate. Ukiwasha hio CTL pia utaona vitufe viwili vya mwelekeo wa aya, ikiwa aya zako ulikua wazisukuma kulia kwa kupanga tu, zirudishe sawa kwa hicho kitufe, la sivyo alama za mwisho wa kipande zitarukia upande usio wake.

maalim_wa_mkomani

Asalaam aleikum wanangu. Nimepita nikasoma na nimefurahi sana, kwanza kwa kazi hii ya mjukuu. Daftari kama hizi kila nyumba ya mui huu ilikua nazo, na nyingi zimekwenda na mvua na mchwa, hakuna alokaa na bibi yake usiku akazifuatisha. Mwanangu, usiache, na yale bibi asemayo pembeni ya ubeti yaandike pia.

Nina neno moja juu ya herufi zenyewe, kabla hujaenda mbele sana. Wazee wetu waliandika kwa herufi walizokua nazo. Ba ilibeba b, ikabeba p, ikabeba na mb, msomaji alijua mwenyewe kwa maana. Dhumma ilikua ni u na ni o, kasra ni i na ni e. Wao haikuwatatiza kwa kuwa shairi walilijua, lakini mtoto wa leo hatajua. Tazama كُتِ, ni kuti la mnazi au ni koti la kuvaa? Kwa khati ya zamani ni moja. Ndio wengine waliokuja nyuma wakatia پ kwa p, چ kwa ch, ڤ kwa v, na o wakaipa dhumma iliyogeuzwa kichwa chini, ikawa كٗتِ. Hapo koti ni koti.

Sasa amua wewe na bibi yako mwataka ipi, ya daftari kama lilivyo ama hii ya kubainisha. Mukitaka ya kubainisha, hakikisha hio fonti yako ina hizo herufi zote, maanake nimeona vitabu vyachapwa herufi moja ni nene na ya pili nyembamba katika neno moja.

mjukuu_wa_langoni

Shikamoo maalim. Nimesoma maneno yako nikamsomea bibi. Kanambia hivi: "Yangu iache kama nilivyoandika, na chini yake andika hio ya watoto." Kwa hivyo nitaweka zote mbili, ubeti wa juu kama daftari, wa chini wa kubainisha kwa herufi ndogo kidogo. Na kuti na koti ameicheka sana, asema kuna ubeti wake wa tatu una neno koti hasa, la babu, alilokua akivaa siku za kaskazi.

Fundi, CTL imekubali!! Nimeona khati yatokea kama ya msahafu wangu wa chuoni, nilisimama nikaita watu waje waone. Swali langu sasa ni la maalim, najuaje fonti ina herufi hizo kabla sijachapa yote? Na hio ڤ na dhumma ya kugeuza naziandikaje, kwa kibodi yangu ya Kiarabu sizioni.

fundi_wa_mtondoo

Maalim amegusa penyewe. Fonti ikikosa herufi moja, fontconfig haikuachii shimo, huenda kuiazima hio herufi kwa fonti nyengine ilioko kwa mashine, ndio hapo neno moja lawa na unene mbili. Macho ya kijana hayaoni haraka, mzee huona mara moja.

Kila herufi ina namba yake ya Unicode, ile orodha moja ya herufi ambayo kompyuta zote huifuata. پ ni 067E, چ ni 0686, ڤ ni 06A4, na dhumma iliyogeuzwa ni 0657. Uliza hivi:

fc-list ":charset=0657" family

Itakuorodheshea fonti zote ulizonazo zenye hio alama, na zile zako za nyumbani zimo. Badilisha namba uulize kwa kila moja. Fonti unayoitaka ikitokea kwa zote nne, endelea. Ikikosa hata moja weka Scheherazade New kwa njia ile ile, ni ya shirika la SIL, ni ya bure pia, wao kazi yao hasa ni kutengeneza fonti za lugha ambazo wengine huzisahau na wameitilia herufi nyingi sana za Kiafrika na Kiasia. Mimi kwa kazi ya irabu nyingi ndio huitumia hio, nafasi baina ya mistari ni kubwa, irabu hazigongani na mstari wa juu. Kwa uzuri Amiri yashinda, kwa mtoto anaejifunza Scheherazade.

Kuandika, kwa LibreOffice andika namba yenyewe 06a4 kisha hapo hapo bonyeza Alt na X, yageuka kuwa herufi. Ni kazi ikiwa nyingi, kwa hivyo ongeza kibodi ya Kiajemi kwa Settings, hio ina پ na چ tayari, zibaki mbili tu za kubadilisha kwa Alt X.

ukhti_wa_shela

Samahani naingilia, mimi natumia Windows 10 na nataka kumsaidia mjukuu kuchapa nusu ya daftari, tushaongea. Kwetu yafanyika vipi? Na mimi pia laptopu ni ya kazini, haina ruhusa ya admini.

kijana_wa_maweni

Ukhti kwa Windows 10 tangu toleo la 1809, lile la mwisho wa 2018, mambo yamekua rahisi. Zamani ilikua lazima admini. Sasa ifungue zipu, bonyeza faili ya ttf kwa kitufe cha kulia cha mausi, utaona Install na pia Install for all users. Wewe chagua ile ya kwanza tupu, ya pili ndio yaomba paswadi. Itakaa kwa akaunti yako, ndani ya AppData\Local\Microsoft\Windows\Fonts, sio C:\Windows\Fonts.

Ila nikupe tahadhari. Mimi nafanya kazi ya kuprinti hapa Malindi na hili naliona kila wiki. Kuna programu za zamani za kudizaini ambazo huangalia C:\Windows\Fonts peke yake, hio yako ya akaunti hazitaiona hata urestati mara kumi. Word yaiona vizuri. Kwa hivyo ukiweka fonti na ikaonekana kwa Word alafu kwa programu nyengine haionekani, usiifute uanze upya, ni hio programu.

fundi_wa_mtondoo

Na kwa wenye Mac wanaopita hapa, folda ni ~/Library/Fonts, ile ya mtumiaji. Ukipewa zipu iliotengenezwa kwa Mac utaona pia folda ya __MACOSX ndani yake vifaili vinavyoanza na nukta na mstari, vina majina ya ttf lakini si fonti, vifute visikuchanganye.

Jengine ukhti, nyinyi wawili mkitumiana faili, hakikisheni fonti ni ile ile kutoka pahala pamoja. Faili ya LibreOffice haibebi fonti, inabeba jina la fonti tu. Mjukuu hili lakuhusu hata hapo kwenu: mwenzako akifungua faili yako kwa akaunti yake kwa mashine hio hio, Amiri hataipata, maanake iko nyumbani kwako na nyumba yake ni nyengine. Atakachokiona ni jina Amiri limeandikwa kwa herufi za kulala pale kwa kisanduku cha fonti, hio ndio alama ya LibreOffice kusema jina nalijua lakini mwenyewe hayuko. Akitaka naye afanye mistari ile mitatu kwake. Ama wewe ingia File, Properties, kwa upande wa Font tia alama ya kuingiza fonti ndani ya faili, itakua nzito kidogo lakini itasafiri na nguo zake.

mjukuu_wa_langoni

Hili lishatokea jana na sikujua sababu! Mwenzangu wa kikundi alifungua ili anisahihishie, akanambia mbona umerudisha zile nyembamba, nikadhani nimeharibu. Nimemfanyia mistari mitatu kwa akaunti yake sasa anaona. 

Nimeuliza charset kwa zote nne na nimechagua Amiri kwa beti za bibi na Scheherazade New kwa zile za chini za watoto, na kwa utangulizi wa Kilatini nimeweka Andika, niliiona kwa hao hao SIL nikapenda jina lake kuwa ni Kiswahili, na herufi zake kila moja iko wazi, imetengenezwa kwa wanaoanza kusoma.

Kuprinti ndio limebaki. Hapa kwetu printa ya kikundi ni ndogo, nataka nipeleke Malindi. Kijana wa Maweni, nikuletee faili ya LibreOffice ama vipi?

kijana_wa_maweni

Hapana dadangu usilete hio, tafadhali. Leta PDF. Ukiitoa kwa LibreOffice kwa Export as PDF huingiza fonti zenyewe ndani, mimi hata kama sina Amiri itatoka kama ilivyo kwako. Nimeona kadi za harusi za watu zaharibika kwa hili, mtu analeta faili ya Word, kwangu fonti haiko, Word yachagua nyengine kimya kimya, nukta zaruka, mistari yahama, na mwenyewe ashalipa na arusi ni kesho. Roho huniuma kila mara.

Kabla hujatuma iangalie mwenyewe kwa terminali:

pdffonts tenzi.pdf

Kuna safu imeandikwa emb, yaani fonti imeingizwa ndani, kila mstari wataka uone yes. Ukiona no kwa mstari wowote usitume, rudi uangalie. Alafu nitumie kwa WhatsApp kama dokumenti sio picha, ama mpe mtu wa basi flashi, na uniambie ukurasa mmoja ambao wewe na bibi mwaujua vizuri, nitoe huo kwanza kwa majaribio kabla sijapiga zote.

mjukuu_wa_langoni

Nimetoa. Safu ya emb ni yes yes yes zote. Nimekutumia kama dokumenti. Ukurasa wa majaribio ni wa pili, ubeti wa tatu.

kijana_wa_maweni

Imefika. Nimeifungua hapa kwa Windows, nikaangalia kwa Properties upande wa fonti, Amiri, Scheherazade New na Andika zote zaonyesha zimeingizwa, na kwa hii mashine hakuna hata moja kati ya hizo. Nimetoa ukurasa wa pili kwa karatasi ya gramu 100. Irabu ziko juu ya herufi zake, hakuna nukta ilioliwa, na kwa mstari wa chini wa ubeti wa tatu dhumma ya koti imegeuka vile inavyotakiwa. Nimeipiga picha nikakutumia lakini karatasi yenyewe nampa dereva wa basi la asubuhi, itafika Mokowe mchana, muonyeshe bibi hio ya karatasi, karibu na taa yake, alafu unambie kama nipige zote ishirini.

mjukuu_wa_langoni

Imefika kwa boti ya saa tisa. Amekaa nayo barazani mpaka magharibi. Alipitisha kidole kwa kila kipande, asema pale ubeti wa tatu pamekosekana neno moja, "la" kabla ya koti, na ni kweli nimeangalia daftari liko, nililiruka mimi. Narekebisha usiku huu nakutumia PDF mpya. Asema upige thalathini.